Njahi Alizopikiwa Katunge

Kwako Mama Magdalene wa ukurasa wa nasaha,

Pokea salamu za mwanamke wa Thika ambaye roho yake inamchoma, nakuomba unisikilize hata kama nitakuchosha, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni Mumbi, mke wa mwalimu Zacharia, tulifunga ndoa kanisani na tuna msichana mmoja, Wangeci, ana jina la mama mkwe wangu, na mwaka jana mume wangu alichaguliwa kwenda Uingereza kuongeza masomo ya ualimu, nami nikabaki hapa Majengo na mama yake, tunalima na tunaelewana, siwezi kumsengenya.

Taabu ilianza rafiki yake Gerishon aliporudi kutoka huko. Alikuja kutusalimia Jumapili baada ya kanisa, akanywa chai, akaanza kutusimulia ati Zacharia siku hizi ni mpishi, ati ana jiko dogo la gesi chumbani, na zile njahi, maharagwe yetu meusi, ambazo mama alimtilia sandukuni wakati wa kusafiri alizichemsha tangu asubuhi mpaka Mzungu mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza ni nini kinaungua, halafu akatafuta ndizi akaziponda pamoja na njahi kwa chupa, kwa kuwa huko mwiko wetu haupatikani, na zikatoka tamu kama za nyumbani, Gerishon mwenyewe alionja. Mama anacheka mpaka machozi, nami nacheka. Ndipo Gerishon akasema, "Bakuli zima akalifunga kwa taulo akampelekea Katunge hospitali, si alikuwa amejifungua."

Sasa wewe wajua kwetu njahi ni za nani. Mwanamke akizaa ndizo hupikiwa, zimrudishie damu na maziwa. Huyu Katunge ninachojua ni kwamba ni Mkamba na anasomea unesi huko, basi. Sikuuliza zaidi, niliinuka nikasema naenda kuangalia moto, nikafika jikoni moto unawaka vizuri hauna haja yangu, nikasimama hapo tu.

Mama Magdalene, nina wivu, nasema wazi. Mwanamume huyu tangu anioe hajagusa sufuria yangu, akikuta chai bado huketi angoje. Nilipomzaa Wangeci alisimama mlangoni, akauliza ni wa kike au wa kiume, akasema vema, akaenda zake shuleni, mimi nikapikiwa na mama na majirani. Na leo ana mikono ya kuponda njahi, tena ana miguu ya kuzibeba kwenye ile baridi wanayosema, kwa ajili ya mke wa mtu nisiyemjua, au hata hana mume. Dalili ya mvua ni mawingu. Na juu ya hayo amemtuma Gerishon aombe njahi nyingine, kijana mmoja Simeon atasafiri nazo mwisho wa mwezi, mama amekwisha kuzichagua na amenipa mimi nishone mfuko. Kila nikishika sindano namwona huyo Katunge ambaye sijapata kumwona. Nimefikiri nizipike nizile zote, nimchukue mtoto nirudi kwa baba huko Ruiru, kwani siku hizi ruhusa ya kusafiri si taabu kama ile miaka ya vita vya msituni. Nishone ama niende?

Mumbi, Thika, 1958

*

Mumbi,

Pole. Wivu ni maumivu, na sitakuambia ni upuuzi. Lakini mwanangu, Gerishon amekaa kwako, amekunywa chai yako, na wewe ulihitaji swali moja tu: baba wa mtoto ni nani? Badala yake ukaenda kuangalia moto. Sasa wataka nikuambie mimi ambaye hata Uingereza siijui. Kuuliza si ujinga. Nenda kwa Gerishon, muulize mbele ya mke wake, ungoje mpaka ajibu.

Ati njahi. Wewe mwenyewe umewapelekea wazazi wangapi hapo Majengo? Huyo msichana amezaa katika nchi ya watu, mama yake yuko mbali Ukambani, unataka nani ampelekee, yule Mzungu wa ngazini? Tena mtu anayeficha mtoto habebi bakuli huku rafiki anatazama, kisha akamtuma rafiki huyo huyo kwa mama yake. Mawingu umeyaona, mvua hujaiona, nawe tayari unafunga mizigo.

Na kama Gerishon atakuambia mtoto ni wa Zacharia, bado usikimbie. Mwambie mama mkwe, mwende pamoja kwa wazee wa kanisa waliowafungisha ndoa. Kwa baba yako utafika baadaye, ukiwa na sababu ambayo kila mtu ameisikia.

Lakini mimi nimeisoma barua yako tena, na nadhani hata ukiambiwa baba wa mtoto ni mtu mwingine kabisa, utarudi nyumbani unalia vilevile. Ulilala na mtoto mchanga ukimtaka mumeo aingie, naye hakuingia. Ndivyo alivyolelewa, hajui. Nawe hujamwambia hata siku moja, ulimwekea chai akaendelea kungoja kama mgeni. Huko hana wa kumwekea, njaa imemfundisha. Sasa ndiyo kwanza amejua kupika, nawe wataka kumnyima njahi?

Ukishatoka kwa Gerishon na jibu jema, shona mfuko. Usile hata moja, ni za mama yake. Ndani yake tia barua uliyoiandika kwa mkono wako, isiwe ya salamu na habari za mvua. Mwandikie hivi: Nimemwonea Katunge wivu kwa bakuli lile, na nikizaa tena, nataka unipikie wewe.