Kizibo Nilichochonga Mwenyewe

Kisii, Alhamisi, Mei 1951

Na nilijisifu! Kifuniko cha tanki la gari kilipotea juzi, nikachonga kizibo cha mti, nikakivisha mpira wa tyubu, kikabana kabisa.

Leo asubuhi Omwenga, fundi anayeshona barazani kwangu, aliniomba nimpeleke kwao Nyamira. Mama yake alikuwa mahututi, na alikuwa ameita wanawe wote awabariki.

Mlimani gari likakohoa, likazimika. Nilizungusha hendeli ya kuliwashia mpaka kofia ikaanguka. Nikasafisha plagi, nikapuliza bomba la petroli, nikaimeza kidogo.

"Bwana Saidi," akasema Omwenga, "gari lako ni rika moja na mama. Labda nalo linangoja watoto wake."

Tukacheka, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Saa mbili zilipita ndipo nikachomoa kizibo nione kama petroli ingalipo. Tanki likavuta hewa, fyuuu! Hendeli moja tu, gari likawaka. Kumbe mimi, fundi mkubwa, nililiziba pumzi: kizibo changu hakikuwa na tundu la kuingiza hewa, petroli ikakataa kushuka. Omwenga alikiona kizibo mkononi mwangu, akapanda garini.

Kona ya mwisho tulisikia wanawake wakilia. Akashuka kabla sijasimama.

Mama alikuwa amewabariki wote isipokuwa yeye. Alimwita mpaka sauti ikakatika.

Kaka yake mkubwa akauliza kwa ukali, "Ulikuwa wapi?"

"Barabara ilikuwa mbaya," Omwenga akajibu. "Bwana Saidi amejitahidi sana."

Nao wakanishukuru, wakaniletea kiti.

Afadhali angenitukana. Kizibo bado kimo mfukoni mwa koti, na sijui nitamtazamaje akirudi kushona.