Debe Moja kwa Vani Mbili

Jumatatu, 1 Desemba
Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Kila nikienda kuchota maji namwombea Marwa dereva mabaya. Ndoo ya kwanza, sala ya kwanza. Nikitua ndoo, amina.

Mwaka jana tulipohamishiwa hapa kijiji cha ujamaa, lori aliendesha yeye. Bibi alikuwa ameshakaa juu ya magunia. Marwa akamwambia, "Shuka, bibi. Gari halinywi uji, linakunywa petroli. Wewe utakuja polepole." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, kama kawaida yangu. Bibi alitembea siku mbili kwenye mvua. Kifua kikambana. Wiki ya tatu tukamzika.

Namchukia. Basi, nimeandika.

Jumatano, 3 Desemba
Kijiji kinanunua vani. Ipeleke mihogo Tarime, ilete chumvi na sabuni, ibebe wagonjwa. Zimeletwa mbili za kujaribu. Ya bluu, ya Kiingereza, dereva Marwa. Nyeupe, ya Kijapani, dereva Hamisi wa Mugumu. Itakayoshinda, dereva wake ndiye anaajiriwa.

Petroli ni shida, kwa hiyo tunatafuta isiyo na kiu. Kila moja itamiminiwa debe moja, ipakiwe gunia nane, iende mpaka izime. Mwenyekiti amenichagua mimi kuandika, eti niko kidato cha pili na Kiingereza ninakijua. Watu wote wakageuka kuniangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 5 Desemba
Siku ya bluu. Mwenyekiti alikaa dirishani, akasinzia. Mimi katikati. Marwa njia nzima msomi, msomi. "Msomi, mbona huongei? Au Kiswahili umekiacha shule?"

Hanikumbuki. Hajui mimi ni mjukuu wa nani. Hilo limeniuma kuliko dhihaka.

Imepanda vilima bila kulalamika. Hairushi, mgongo haukuniuma. Imezima kwenye 110. Ni gari zuri. Nalisema hapa tu.

Jumamosi, 6 Desemba
Nyeupe. Njia nyingine, maana mto umejaa. Hamisi aliniuliza kama nimekula, akanikatia mkate. Gari lina nafasi kubwa nyuma, lakini kwenye mashimo linaruka kama mbuzi. Limezima kwenye 130.

Nikatazama dashibodi vizuri. Kilomita. Ile ya bluu inahesabu maili. Kila aliyesoma anajua kilomita nane ni maili tano. Kumbe nyeupe imefika maili themanini na moja tu. Bluu imeishinda mbali.

Mwenyekiti amelala. Hamisi yuko nje anamimina petroli ya akiba. Nikaandika Maili juu ya namba zote mbili. Nikafunga daftari. Moyo haukunisuta.

Jumatatu, 8 Desemba
Mkutano. Mwenyekiti kasoma daftari langu kwa sauti. Nyeupe imeshinda.

Marwa kasimama. Haiwezekani, yeye anajua kiu ya gari kwa kusikiliza injini. Mwenyekiti kamwambia, "Kaa chini, mura. Daftari halina masikio." Wamecheka mpaka akina mama wa nyuma. Marwa katazama miguu yake.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Halafu nikafurahi tena. Sasa ashike jembe.

Jumanne, 23 Desemba
Pipa la petroli limekauka. Kwa hesabu za daftari lilitakiwa kufika katikati ya Januari. Hamisi ameitwa mwizi. Wamepekua nyumba yake wakitafuta mpira wa kunyonyea petroli. Hawakuona kitu. Kaapa kwa Mungu kwamba gari linakunywa. Wakamwonyesha daftari: msomi kaandika. Kesho jioni anapelekwa polisi. Mke wake kapita hapa, kanisalimia vizuri. Nikaingia ndani.

Mtu mmoja tu kamtetea. Marwa. Kasema gari ndilo mwizi, mwacheni mwenzangu.

Kwa nini awe mwema leo? Kwa Bibi wema ulikuwa wapi? Nikimwokoa Hamisi, namrudishia Marwa usukani. Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumatano, 24 Desemba
Mvua imekatika. Mama yuko shambani.

Nimechana karatasi safi. Bluu, maili 110. Nyeupe, kilomita 130, yaani maili 81. Hamisi hakuiba, kosa ni la mwandishi. Nikaweka jina langu. Kwa nini nilikosea, sikuandika. Watasema ni msomi asiyejua maili. Waseme.

Marwa ataendesha. Sijamsamehe.

Nimemtuma mdogo wangu amwite Mwenyekiti. Makubazi ninayoyasikia si ya Mwenyekiti. Mwendo huu naujua, mrefu, wa kuburuza kisigino. Amemtuma Marwa.

Karatasi safi iko mezani, nimeikandamiza kwa kikombe. Hii ya siri naisukuma chini ya mkeka. Amefika kwenye