Mkanda Huu Hauchomwi

Kibondo, Jumapili jioni, Novemba 2013. Mvua inanyesha tangu tulipotoka kanisani, na mimi nina hasira. Leo Baba Mdogo amechoma picha yangu huku namtazama. Niandike sasa, maana hasira ikipoa nitaanza kuwa na adabu.

Bibi, mama yake baba, anaishi Kitahana kwa Baba Mdogo. Tangu mwaka jana anasahau. Majina yetu yamemtoka, ila jambo moja halimtoki: jua likianza kushuka anajifunga kitenge kiunoni, anasimama mlangoni na kusema anataka kwenda muhira, yaani nyumbani. "Mama, nyumbani ndiyo hapa," Baba Mdogo humwambia. Naye humtazama kama mtu anayemuuzia mbuzi mgonjwa.

Mimi najua anakotaka. Ni kule mlimani, kwenye mahame, walikokuwa wakiishi kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa na kupangwa kando ya barabara. Nyumba ilishaanguka zamani. Imebaki migomba inayojiotea ovyo, na kaburi la Babu. Miguu ya Bibi haiwezi tena kupanda huko.

Basi nikaamua kumpandisha kwa picha.

Kamera yangu ni ya zamani, ya mkanda. Niliinunua nikiwa chuo, wenzangu wakinicheka na simu zao mkononi. Nilipanda mlimani peke yangu nikaumaliza mkanda mzima: migomba, kaburi, mahali palipokuwa mlango. Kisha nikaurudisha mwanzo, nikaupachika tena kwenye kamera, nikaenda Kitahana kumpiga Bibi picha juu ya zilezile za mlimani. Sikujua nini kingeangukia wapi. Sikutaka kujua. Hata Bibi mwenyewe, siku zake za zamani hazimjii kwa mpangilio.

Mkanda niliupeleka Kasulu kwa Mzee Shabani, mwenye studio ambaye bado ana dawa za kusafishia. Alinipokea kwa sauti ya msibani.

"Pole, mwalimu. Picha zimepandana. Mkanda wote umeharibika."

"Nimezipandanisha mwenyewe, mzee."

"Makusudi?" Akavua miwani. "Laa! Mimi nimetukanwa na maharusi wa mji huu kwa kosa hilihili, kumbe ningewaambia ni ufundi!"

Nyingi kweli zilikuwa matope matupu. Moja ilinikata pumzi. Bibi amekaa kwenye kigoda, mgomba umepita katikati ya kifua chake. Kaburi la Babu liko miguuni pake. Uso unapitisha mwanga, na majani yanaonekana ndani ya shavu. Sijawahi kuona picha inayofanana naye zaidi.

Ndiyo niliyoipeleka leo.

Shangazi aliishika kwanza, akaiachia mkekani kana kwamba imemuunguza. "Yesu wangu! Umemzika mama akiwa hai!"

Baba Mdogo hakupaza sauti. Alisema mzee akionekana pamoja na wafu, hata kwenye ndoto, ni kwamba ameshaanza kuitwa. "Ndiyo elimu hiyo? Kumlaza mama yangu makaburini?"

Nilitaka kuwaeleza habari za mwanga na mkanda, lakini Bibi alikuwa ameshaiokota picha. Akaisogeza karibu na macho.

"Nani amewaambia muache majani mpaka mlangoni?" Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kutuamsha twende shambani. "Wavivu nyie. Leteni jembe."

Hakuomba kupelekwa popote. Alikuwa ameshafika.

Kisha akainuka kwenda kulitafuta hilo jembe, akapepesuka, Baba Mdogo akamdaka. "Unaona? Umezidi kumchanganya." Akaichukua picha mkononi mwa Bibi, akaitia kwenye mafiga, chini ya chungu cha maharage. Ilijikunja haraka sana.

"Na mkanda wenyewe uko wapi? Ulete tuuchome, yaishe."

"Hapana, Baba Mdogo."

Kwetu binti husema "sawa", halafu hafanyi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kukataa. Mimi nimesema hapana, mbele ya Shangazi. Baba Mdogo amejibu kwamba kamera hiyo isikanyage tena uwanja wake. Nikija, nije mikono mitupu kama mjukuu.

Nikiri jambo. Yeye ndiye anayemwogesha Bibi na kumfuata anapotoroka kuelekea barabarani. Mimi huja Jumapili na sukari. Woga wake ni wa kweli na una haki yake. Nikiri na la pili: nilipoiona picha ile Kasulu sikujiambia kwamba Bibi ataipenda. Nilijiambia, nimeipata.

Je, niliipiga kwa ajili yake au kwa ajili yangu?

Kwa ajili yetu wote wawili. Na kwa ile nusu yangu siombi radhi.

Wao wanataka picha ya ukutani: Bibi kwenye kitenge kipya, pazia la buluu nyuma, macho mbele. Najua inakokwenda picha hiyo. Siku moja itabebwa mbele ya jeneza. Nayo ni picha ya kifo, ila imevalishwa vizuri, kwa hiyo haimtishi mtu. Ya kwangu imemfanya Bibi aagize jembe.

Mkanda nimeufungia kabatini na ufunguo ninao shingoni. Nitarudi Kasulu, Mzee Shabani anitolee nyingine, kubwa kuliko ile.

Jumamosi napanda kule mahameni kupalilia. Bibi ameagiza majani yaondolewe mlangoni, na katika ukoo huu agizo lake bado liko juu ya la Baba Mdogo.