Lameck na Barua Pepe ya Matapeli

Joanitha, acha kumenya ndizi usome hii.

Imeingia barua pepe kwamba kuna mtu yuko hapahapa Bugene anajaribu kufungua akaunti yangu. Nikamwambia huyu mchumba wangu Lameck, "Kuna barua pepe imenijia." Hayo tu, mwenzangu.

Akadakia, "Futa. Matapeli hao, wanataka neno lako la siri."

Neno la siri nani kamtajia?

Linki ya kwenye hiyo barua pepe sikuibonyeza. Nikaingia kwenye akaunti mwenyewe, nikakuta onyo lilelile, na aina ya simu iliyotumika ni ile Lameck anayoringia kanisani.

Nikamwongezea chai. Nikamwambia Jumamosi akija na wazee wake kuposa, tutafunguliana simu mbele ya baba.

Sasa anasema Jumamosi mvua itanyesha sana.