Kikwembe cha Rangi ya Matope

Mjukuu wangu Zaina,

Nakusalimu kutoka Kindu. Tuko wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na treni imeingia, kwa hiyo sukari iko sokoni.

Unasema mwalimu wenu wa Kiingereza amewafundisha neno drab. Zamani lilitaja kitambaa kisichotiwa rangi, nalo limetoka kwenye drap ya Kifaransa, ile tunayotandika kitandani. Leo maana yake ni kitu kilichofifia, kisichovutia. Unauliza kama nimewahi kupenda kitu cha namna hiyo.

Wakati wa vita nilikuwa mchumba wa babu yako, na kikwembe changu cha harusi, kitambaa cha kujifunga, kilikuwa chekundu. Tuliposikia askari wanakaribia, mama alikizamisha kwenye matope ya Lualaba mpaka kikafanana na gunia, akakitupa mlangoni. Nililia kwa hasira. Chake cha manjano alikianika nje, kwenye kamba.

Askari wakaja, wakabeba cha manjano, wakakanyaga changu, wakaenda.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuzamisha vyote viwili.

"Inafaa wakute kitu," akasema, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Rangi ile ya matope haikutoka tena, hata siku ya harusi. Ukija likizo, hicho ndicho nitakutandikia ulalie.

Bibi yako