Mchezo wa Kuokoa Kijiji

Jumapili, baada ya Alasiri.

Bao sichezi wala drafti, kijiji kizima cha Salale kinajua. Ukifungwa wanakucheka mpaka msikitini.

Leo jirani yangu Mwalimu Upendo, mtu wa Njombe, kaniita tucheze na mumewe mchezo wao wa ubaoni, wa kijiji kilichokumbwa na mafuriko. Humo hakuna kufungana, wote mnaokoa kijiji kimoja. Wao wakakimbilia kuokoa vitanda.

Nikawaambia, "Nyie watu wa bara! Mbegu ya mpunga kwanza. Maji yakitoka mtapanda nini?"

Tukashinda. Bila mimi wangezama.

"Babu, kesho uje tena," mwalimu akasema.

Nikamjibu huo ni mchezo wa watoto. Ubishi wangu huu! Tangu mke wangu afariki sijacheka kama nilivyocheka leo.

Kesho nitawapelekea kamba wabichi, nijifanye ndio walionileta.