Pilau Miguuni pa Mzee wa Shaba

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefuta viatu vya Mzee wa Shaba, sanamu ya bustanini, kama kila Jumatatu. Njiwa wa Etobicoke, huku ughaibuni, hawana adabu. Marehemu mume wangu, Hamisi, ndiye aliyeanza kazi hii, enzi zile alipokuwa akipita hapa kwenda kiwandani. Mimi nimeirithi, pamoja na goti langu bovu.

Leo nimekuta tangazo kwenye uzio. Sanamu itasafishwa, itawekewa kibao kipya, itazinduliwa upya Oktoba. Maneno ya kibao nimeyasoma mara mbili. Mtoto wa maskini kutoka Wales. Aliingia migodini akiwa mdogo. Akavuka bahari mikono mitupu, akajenga kiwanda cha chuma peke yake.

Peke yake! Nimecheka mpaka mama mmoja mwenye mbwa akanigeukia.

Jumatano, 10 Septemba

Bado neno lile la “peke yake” linanikera. Simchukii Mzee. Alionja njaa, namheshimu. Lakini alikufa zamani, na kiwanda kiliendelea kumimina chuma mpaka Hamisi anastaafu. Nani alikimimina? Hamisi alikuwa akirudi nyumbani nyusi zimeungua. Mimi ndiye niliyempaka mafuta ya nazi.

Nimeamua. Nataka jina lake pale kwenye kibao. Lake na wenzake.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda mbele ya kamati ya sanamu. Binti yangu Rehema alinisindikiza ili atafsiri, ingawa Kiingereza changu kinatosha kugombana. Mwenyekiti ni bwana mpole, mwenye skafu. Alinisikiliza kichwa upande. Akasema wafanyakazi ni muhimu sana. Akasema nafasi haitoshi. Akanipa biskuti.

Biskuti nimeila. Hasira ninayo.

Kwenye basi Rehema akaniambia, "Mama, you tried. Let it go, please." Eti nimejaribu, niliache. Baba yake angesema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Basi Idi nitaipika mwenyewe.

Jumapili, 21 Septemba

Mwaka mmoja wa kifo cha Hamisi unatimia wiki ileile ya uzinduzi. Hitima yake nilipanga kuisoma kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu. Nimebadili. Itasomwa bustanini, siku ya uzinduzi, miguuni pa Mzee. Bustani ni ya umma. Na mimi ni umma.

Nimemwambia Bi Mwanaidi, jirani yangu wa Mombasa. "Wallahi shoga una wazimu," akasema. "Sufuria kubwa iko kwangu."

Jumanne, 30 Septemba

Siku nzima niko kwenye simu. Natafuta wajane na watoto wa watu wa kiwandani, wa dini zote. Wajamaika, Wareno, Wagoa waliotoka Nairobi. Maalim amesema dua ataomba yeye, majina ya marehemu niyataje mimi.

Naogopa. Sijawahi kusimama mbele ya umati nikasema.

Rehema hanisemeshi. Anaona nitamwaibisha. Na aone.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mikono bado inanukia bizari.

Tulifika mapema. Tukatandika mikeka, kanga viunoni juu ya makoti, masufuria yanafuka. Kamati nayo ikaja na viti vyake. Mwenyekiti akatusogelea, akanusa, akafurahi. Akatushukuru kwa huduma. Kisha akawageukia wageni wake, diwani akiwemo, akawaelekeza chakula kilipo.

Alidhani tumekodiwa!

Bi Mwanaidi nusura amrushie mwiko. Nikamzuia. Mgeni hafukuzwi penye chakula. Tukawapakulia wote, nyama juu, kachumbari pembeni. Mwenyekiti alipoinua uma, ndipo nikapaza sauti. Kwetu chakula cha hitima hakiliwi kabla marehemu hawajatajwa.

"Nobody eats," nikasema, "before the names."

Wakasimama pale na makoti yao mazuri, sahani mikononi, pilau ikiwapiga puani. Maalim akaomba dua. Nikaanza. Hamisi bin Saidi. Sauti ikanikatika hapohapo. Kumbe Rehema alikuja, amejificha nyuma ya mti. Akatoka, akanishika mkono, nikaendelea. Desmond. Fernandes. Yule Mreno mrefu, na nduguye. Watu wakaanza kutaja wa kwao. Wa mwisho nikamtaja Mzee wa Shaba mwenyewe, jina lake kamili. Naye ni marehemu, na alikuwa na njaa zamani.

Hakuna aliyekula kabla. Nilikuwa nikiwaangalia.

Baadaye kibao kikafunuliwa. Maneno yaleyale. Makofi machache, maana wengi walikuwa wamerudi kuongezewa. Rehema ndiye aliyekuwa akipakua.

Jumatatu, 6 Oktoba

Baridi kidogo. Viatu vya Mzee vinang'aa, hakuna la kufuta. Nikafuta hivyohivyo. Punje moja ya wali ilikuwa imenasa kwenye ncha ya kiatu.

Bibi mmoja wa Kitaliano alikuwa amekaa kwenye benchi. Aliniambia alikula pilau yangu Jumamosi, lakini aliona haya kumtaja wa kwake. Mumewe naye alimimina chuma.

Nikamuuliza jina la marehemu mumewe. Salvatore.

Nikasimama mbele ya Mzee, nikalitaja kwa sauti, sisi wawili tu na njiwa. Yule bibi akatoa leso mkobani, akainama, akaanza kufuta kiatu cha pili.